Bobini Moja Ina Dakika Ngapi?

Bobini ya filamu ya milimita 16 yenye urefu wa futi 100, yaani mita 30.48, hubeba picha 4,000. Ikipita kwenye projekta kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, humalizika kwa dakika 2 na sekunde 47. Kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, filamu ile ile huchukua dakika 4 na sekunde 10. Anayetaka kujua sanduku la filamu za zamani lina saa ngapi za kutazama, au litamgharimu kiasi gani kulihamishia kwenye kompyuta, huanzia kwenye tofauti hiyo.

Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ni mahali pazuri pa kuulizia jambo hili. Kwenye njia panda ya Miti, kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Kavumu, barabara inayotoka Bukavu hugawanyika: moja huendelea kaskazini kufuata ziwa kuelekea Goma, nyingine hupanda Tshivanga na kuingia msitu wa Kahuzi-Biega kabla ya kuteremka Bunyakiri. Kamera za filamu zimepita sana hapo. Karibu na Miti, pale Lwiro, palijengwa kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoanzishwa mwaka 1947. Luc de Heusch, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji aliyewahi kuwa mtafiti wa taasisi hiyo, alitoa mwaka 1955 filamu yake ya sherehe za Wahamba wa Kasai. Mjini Bukavu, mji ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, Mapadri Weupe walikuwa na kituo chao cha kutengeneza sinema, Africa Films, kilichoongozwa na Padri De Vloo. Mlimani, Adrien Deschryver aliwazoesha gorila kuwa karibu na watu, akawapiga picha, na hifadhi ya Kahuzi-Biega ikatangazwa mwaka 1970. Kando ya hao waliojulikana walikuwepo wenye mashamba ya kahawa, chai na kwinini, watu wa kawaida waliopiga filamu za ubatizo, za safari ya ziwani na za wafanyakazi wao wakianika kahawa. Filamu za namna hiyo ndizo zinazoitwa za nyumbani, na nyingi hazina maandishi yoyote kwenye kopo zaidi ya jina la mahali na pengine mwaka.

Kwa hesabu ya muda inatosha kujua kwamba filamu ni utepe wenye matundu pembeni au katikati, na kwamba ndani ya projekta upo ukucha mdogo wa chuma unaoingia kwenye tundu, unavuta utepe kwa umbali ule ule kila mara, unausimamisha mbele ya taa, kisha unarudi kuvuta tena. Umbali huo wa mvuto mmoja haujapata jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Neno linaloufaa ni hatua, kwa sababu filamu hutembea hivyo hasa: hatua moja, picha moja. Nalo neno bobini, ambalo watu wa Bukavu wamelitoa kwenye Kifaransa, linafaa kuliko “reli”, ambayo msomaji huisikia akafikiria treni.

Hatua hutofautiana kwa aina ya filamu, na hapa hakuna kubahatisha, kwa sababu viwanda viliziweka kwa vipimo vikali. Filamu ya milimita 16, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1923, ina hatua ya milimita 7.62. Ile ya milimita 9.5 iliyoletwa na Pathé ya Ufaransa mwaka 1922 ina hatua ya milimita 7.54 na hutambulika mara moja, kwa sababu tundu lake liko katikati ya utepe, kati ya picha na picha. Filamu ya milimita 8 ya mwaka 1932 ina hatua ya milimita 3.81, nusu kamili ya ile ya 16. Super 8 ya mwaka 1965 ina upana ule ule wa milimita 8, ila hatua yake ni milimita 4.23. Hizi mbili za mwisho huchanganywa mno. Dawa yake ni kuushika mkia wa filamu mbele ya dirisha: kwenye milimita 8 ya zamani tundu ni pana na liko kwenye mpaka wa picha mbili, kwenye Super 8 tundu ni dogo na liko ubavuni, katikati ya kimo cha picha. Hata bobini zenyewe hutofautiana, kwa kuwa ya Super 8 ina tundu kubwa zaidi la kuingizia mhimili.

Kutoka hatua hadi idadi ya picha ni kugawanya tu. Milimita 30,480 zikigawanywa kwa 7.62 hutoa 4,000. Futi 50 za milimita 8, ambazo ni milimita 15,240, zikigawanywa kwa 3.81 hutoa 4,000 vilevile. Kulingana huko kulipangwa. Mwaka 1932 dunia ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, na Kodak ilitaka mteja apate dakika zile zile kwa filamu kidogo. Ilichukua futi 25 tu za utepe wa milimita 16, ikautoboa matundu mara mbili zaidi, na kamera ikatengenezwa ipige nusu ya upana wa utepe kwa kwenda. Filamu ikiisha, mpiga picha alifungua kamera kivulini, akageuza bobini, akapiga nusu ya pili. Maabara iliusafisha utepe, ikaupasua katikati kwa urefu, ikaunganisha vipande viwili kichwa kwa mkia. Futi 25 zikawa futi 50, na robo ya filamu ikabeba picha zile zile 4,000. Ndiyo maana katikati ya bobini nyingi za milimita 8 kuna kiungo, na kabla na baada yake picha huungua kwa mwanga mweupe au wa rangi ya chungwa: hapo ndipo kamera ilipofunguliwa. Anayetazama akiuona mwako huo ajue amefika nusu, picha 2,000 hivi, sawa na dakika 2 na sekunde 5 kwa mwendo wa 16.

Super 8 ilivunja ulinganifu huo. Futi 50 zake hubeba picha 3,600, kwa sababu picha ni ndefu kidogo. Kwa mwendo wa 18, ambao ndio wa kawaida wa Super 8, ni sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Kwa mwendo wa 24 ni dakika 2 na nusu.

Hayo yote yanadai urefu uwe unajulikana. Bobini ndogo za kutoka maabara zinajulikana, lakini familia nyingi ziliunganisha bobini tano, kumi au ishirini kwenye bobini moja kubwa, na hapo urefu haujaandikwa popote. Kuikunjua filamu yenye umri wa miaka 60 ili ipimwe kwa futi ni kuihatarisha. Jambo la kupendeza kupita yote katika somo hili ni kwamba hakuna haja ya kuikunjua. Rula ya shule inatosha.

Mkeka mrefu ukitandikwa sakafuni na kutazamwa kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa sakafu, huonekana kama mstatili mwembamba sana: urefu wake ni urefu wa mkeka, kimo chake ni unene wa mkeka. Mkeka wa mita 3 wenye unene wa milimita 5 una ubavu wenye eneo la sentimita za mraba 150. Ukiukunja sasa kwa kuukaza, ubavu ule ule hujizungusha na kuwa kichwa cha mviringo, chenye mistari inayojizonga kutoka katikati kwenda nje. Hakuna ukindu ulioongezeka wala uliopotea. Eneo lililokuwa mstatili sakafuni ndilo eneo la duara lililo mbele ya macho, na duara la sentimita za mraba 150 lina kipenyo cha karibu sentimita 14. Mkeka mwingine wa unene huo huo, ambao kichwa chake ukiukunja kina kipenyo cha sentimita 28, si mara mbili ya ule wa kwanza tu: ni mara nne, mita 12, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Muuza mikeka aliyeisimamisha ukutani ikiwa imekunjwa anaweza kujua upi ni mrefu kwa kutazama vichwa vyake tu. Na ikiwa mkeka umezungushwa kwenye fimbo nene, eneo la fimbo hutolewa, kwa kuwa fimbo si mkeka. Ukikunjwa kwa ulegevu, hewa iliyoingia kati ya tabaka huhesabiwa kama ukindu na kumdanganya mnunuzi.

Filamu ndani ya bobini ni mkeka huo kwa kila neno. Fimbo ni kiini cha bobini, ukindu ni utepe. Urefu wa filamu hupatikana kwa kuchukua eneo la duara lote linaloonekana kwa ubavu, kutoa eneo la kiini, na kugawanya kwa unene wa utepe. Kwa alama za hisabati, R ikiwa nusukipenyo cha nje cha filamu, r nusukipenyo cha kiini na u unene:

urefu = π × (R² − r²) ÷ u

Mfano mmoja unatosha. Bobini ya milimita 16 imejaa filamu hadi kipenyo cha sentimita 20, na kiini chake kina kipenyo cha sentimita 5. R ni milimita 100, r ni milimita 25. Mraba wa kwanza ni 10,000, wa pili ni 625, tofauti ni 9,375. Ikizidishwa kwa π hutoa milimita za mraba 29,452. Filamu ya kawaida ya asetati ina unene wa karibu milimita 0.15, hivyo urefu ni milimita 196,350, yaani mita 196 na zaidi kidogo. Zikigawanywa kwa hatua ya 7.62, ni picha 25,768. Kwa mwendo wa 24 hiyo ni sinema ya dakika 17 na sekunde 54.

Asiyependa maeneo na miraba anaweza kufika pale pale kwa kuhesabu mizunguko, na njia hii ni nzuri kiasi kwamba haifai kuachwa. Kutoka kiini hadi ukingo wa nje kuna milimita 75 za filamu. Kila mzunguko huongeza milimita 0.15, hivyo mizunguko ni 500. Mzunguko wa ndani kabisa una urefu wa milimita 157. Wa nje kabisa una milimita 628. Ukijumlisha hiyo miwili unapata 785. Mzunguko wa pili kutoka ndani ni mrefu kidogo kuliko wa kwanza, na wa pili kutoka nje ni mfupi kwa kiasi hicho hicho, hivyo jumla yao nayo ni 785. Wa tatu na wa tatu vilevile, hadi mizunguko yote 500 iwe imeoana, jozi 250, kila jozi 785. Jawabu ni milimita 196,000 na ushei, lile lile la eneo. Njia mbili zisizofanana hata kidogo zinakutana kwenye urefu mmoja, na hiyo ndiyo raha ya hisabati kwa mtu aliyeshika bobini mkononi.

Hesabu hii pia inaeleza jambo ambalo kila aliyewahi kuendesha projekta ameliona: filamu huonekana haipungui mwanzoni, kisha mwishoni huisha ghafla. Bobini ya mfano wetu ikipungua hadi nusu ya unene wake, yaani ukingo wa filamu ukiwa umeshuka kutoka milimita 100 hadi 62.5, jicho husema nusu imebaki. Kilichobaki ni mita 69, kama asilimia 35. Kati ya dakika karibu 18, zimesalia 6 na robo. Nusu halisi ya filamu ilikwisha zamani, ukingo ulipokuwa umeshuka milimita 27 tu kati ya 75. Mizunguko ya nje ni mirefu, kwa hiyo hubeba sinema nyingi katika unene mdogo. Mwendesha mitambo aliyesubiri bobini ifike nusu kwa macho ndipo aandae ya pili alikuwa anakimbizana na muda.

Kilichobaki ni kuujua unene. Maikromita ya fundi ikishika mkia wa filamu hutoa jibu mara moja. Palipo na rula peke yake, bobini huzungushwa taratibu mizunguko 40 kuelekea bobini nyingine, kisha hupimwa nusukipenyo kimepungua kiasi gani. Kikipungua milimita 6, unene wa tabaka moja ni 6 gawanya kwa 40, yaani 0.15. Njia hii ina ubora ambao maikromita haina: inapima filamu pamoja na hewa iliyo kati ya tabaka, jinsi bobini yenyewe ilivyozungushwa. Ni muhimu kufanya hivyo kwa filamu zenye mgongo wa poliesta, kama zile za Single-8 ambazo Fuji ya Japani ilizitoa mwaka 1965, kwa kuwa ni nyembamba zaidi. Bobini yenye vipimo vya mfano wetu ingekuwa na utepe wa milimita 0.10 ingefika mita 294 badala ya 196. Upimaji wa kipenyo nao unataka uangalifu: kosa la milimita moja tu kwenye R ya nje huongeza au kupunguza mita 4, ambazo kwa mwendo wa 24 ni sekunde 23.

Kufikia hapa picha zimehesabiwa bila hata moja kutazamwa. Dakika ni jambo jingine, kwa sababu utepe hausemi ulipigwa kwa mwendo gani. Filamu bubu za nyumbani zilizoea mwendo wa 16 kwa sekunde. Super 8 ilipokuja ikachukua 18. Sinema yenye sauti imeshika 24 tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Bobini yetu ya mita 196 ni dakika 17 na sekunde 54 kwa 24, lakini kwa 16 ni dakika 26 na sekunde 50. Karibu dakika 9 zinategemea namba moja isiyoandikwa.

Ishara ya kwanza iko pembeni mwa utepe. Filamu ya milimita 16 yenye matundu upande mmoja na mstari wa sauti upande wa pili ni ya 24. Ikiwa na matundu pande zote mbili, ni bubu, na hapo ni lazima picha zenyewe ziulizwe. Njia iliyo bora ni kutafuta kitu kinachoanguka. Mvuto wa dunia haujui kamera ya nani inapiga, na kitu kinachodondoka kutoka kimo cha mita 1.2 hufika chini kwa nusu sekunde, Miti sawa na Brussels. Mtu akiruka kutoka kwenye bodi ya lori lenye kimo hicho, huhesabiwa picha tangu nyayo zinapoachana na bodi hadi zinapogusa ardhi. Zikiwa 8, kamera ilikuwa ya mwendo wa 16. Zikiwa 9, ni 18. Zikiwa 12, ni 24. Parachichi linaloanguka mtini linafaa zaidi, maana haliruki juu kwanza, mradi kimo cha tawi kikadiriwe: kutoka mita 4 huchukua sehemu 9 kati ya 10 za sekunde, sawa na picha 14 kwa mwendo wa 16 na karibu 22 kwa mwendo wa 24. Palipokosekana kitu cha kuanguka, mwendo wa watu husaidia. Mtu anayekwenda zake bila haraka hupiga kama hatua mbili kwa sekunde. Akizipiga hatua hizo mbili katika picha 16, kamera ilikuwa ya mwendo wa 16; akizipiga katika picha 24, ni 24.

Ishara nyingine imo ndani ya kamera zilizotumika mbali na umeme. Bolex H16 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1935, ilikuwa na springi ya kuzungushwa kwa mkono, na springi ikijaa iliendesha karibu futi 16 na nusu za filamu, kama picha 660, kisha ikasimama. Kwa mwendo wa 24 ni sekunde 27 au 28; kwa mwendo wa 16 ni sekunde 41. Mpiga picha mwenye kamera ya aina hiyo ukingoni mwa msitu hakuweza kupiga tukio moja bila kukatisha kwa zaidi ya hapo, hata gorila akiwa amekaa mbele yake anatafuna. Tukio refu kuliko yote ndani ya bobini likiwa na picha 650 hivi, kuna kila sababu ya kuamini kwamba kamera ilikuwa ya springi, na urefu wa matukio mengine husomwa kwa jicho hilo.

Kwamba mwendo si jambo dogo, Afrika Mashariki ilijifunza mapema. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi uliojulikana kwa kifupi BEKE, ukiongozwa uwanjani na L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu 35 za kufundishia zilizozungushwa katika nchi za eneo hili. Zilikuwa za milimita 16, na ili gharama iwe ndogo sauti haikuandikwa kwenye utepe: iliwekwa kwenye sahani za gramafoni, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizorekodiwa. Sahani huzunguka kwa mwendo wake, na picha zililazimika kwenda nayo sawa. Bobini yenye picha 4,000 ikipitishwa kwa 22 kwa sekunde badala ya 24 huchelewa sekunde 15 kufikia mwisho, kwa hiyo msimulizi anakuwa amemaliza maneno yake wakati picha bado zinapita. Filamu ikikatika, kipande kilichotupwa kilitakiwa kujazwa na filamu nyeusi yenye idadi ile ile ya picha, la sivyo sauti na picha hazikutani tena. Watu wa Vugiri walikuwa wanahesabu hatua za filamu kwa lazima.

Mwaka wa kutengenezwa kwa filamu pia husaidia kukisia mwendo, na Kodak iliuandika kwa alama ndogo pembeni mwa utepe. Mduara ulisimama kwa mwaka 1936, mraba 1937, pembetatu 1938. Baada ya miaka 20 alama zilirudiwa, mduara ukawa 1956. Mwaka huo ni wa kiwandani, si wa kupigwa picha, na filamu iliyosafirishwa kwa meli na treni hadi Bukavu ingeweza kukaa dukani muda. Hata hivyo bobini ya milimita 8 yenye alama ya kabla ya 1960 ikihesabiwa kwa 16 hukosewa mara chache.

Filamu hunywea ikizeeka, hasa asetati iliyoanza kutoa harufu ya siki. Picha 100 za filamu mpya ya milimita 16 hujaza milimita 762. Zikipimwa na kukutwa 756, utepe umepungua kwa asilimia 0.8, na hatua irekebishwe kwa kiasi hicho. Viungo vya gundi hula picha moja au mbili kila kimoja, na mikia myeupe ya mwanzo na mwisho haina picha yoyote. Kwa makadirio ya bobini ya familia hayo yote hayafiki dakika moja.

Hesabu hizi zina kazi moja kubwa leo, nayo ni kuilinda filamu siku inapohamishiwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo mara nyingi hulipiwa kwa futi au kwa mita, hivyo mwenye bobini akijua amebeba mita 196 hatapigiwa bei ya 300. Lakini kosa linaloumiza zaidi ni la mwendo. Mashine ya kisasa hunakili kila picha ya filamu, yaani kila fremu, moja moja, kisha mtu huchagua faili liende kwa mwendo gani. Fremu 4,000 za ubatizo wa mwaka 1952 zilizopigwa kwa 16, zikitolewa kwa 24 kwa sababu ndiyo namba iliyozoeleka, huwa dakika 2 na sekunde 47 za watu wanaotembea kama wanafukuzwa, na sekunde 83 za maisha yao zimeondolewa bila kukatwa hata fremu moja. Wazee walioonekana kwenye filamu hizo hawakutembea hivyo.

Kwa hiyo mwenye bobini, iwe kabatini mwa misheni, nyumbani kwa wajukuu au Ubelgiji kwenye dari la mwenye shamba la zamani, asiipitishe kwenye projekta kuukuu, maana ukucha hurarua matundu ya filamu iliyonywea. Aandike kwenye kopo upana wa utepe, kipenyo cha nje, kipenyo cha kiini, alama ya pembeni na idadi ya picha aliyoipata. Na akiipeleka kwa fundi wa kuihamisha, adai vitu viwili kwa maandishi: fremu zote moja moja, na mwendo uliotumika kutengeneza faili.